Komeo la Mama

Kaka yangu,

Huku hatujambo, na mimi sasa fundi! Lile komeo la umeme ulilomtumia Mama nililiunga kwenye chaja ya simu. Ukibonyeza kitufe linalia tu "tik", halivuti. Nikalilaumu komeo, nikakulaumu na wewe. Kumbe chaja ndiyo dhaifu: nilipopima, umeme uliporomoka kila nikibonyeza. Nikaunga adapta ya redio yako ya zamani, likavuta mpaka Mama akapiga kigelegele.

Sasa anafungua mlango akiwa kitandani. Miguu imegoma kabisa; hakutaka ujue.

Shida ni kwamba akisikia hatua tu, anabonyeza. Jana tumewafungulia muuza maji na kuku wa jirani.

"Mama, ngoja wapige hodi!"

"Kaka yako hapigi hodi kwao."

Dadako