Ramani Iliyozimwa

Melbourne, Jumapili

Dada yangu Noreen,

Pokea salamu zangu, wewe na mama mkwe wako, na wote mliobaki hapo Wirrabeen. Mguu unaendeleaje? Jirani yenu Hobday aliniambia kwenye simu kwamba umeanza kwenda zizini bila fimbo, nikafurahi, ingawa najua unatoka kwa sababu hutaki kukaa ndani ya ile nyumba. Mimi mwili ni mzima; usingizi ndio umenikimbia. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungenikatiza, nami ningeshukuru kukatizwa, nisimalize.

Unajua nafanya kazi na Profesa Pascoe, katika kikundi cha chuo kinachokokotoa mwenendo wa moto wa porini. Sijawahi kukueleza tunavyofanya, kwa sababu kila nilipoanza, marehemu mumeo Clem alinidakia, "Shemeji, kama haina magurudumu usinichoshe." Leo nivumilie. Hesabu zetu ni kubwa mno kwa kompyuta ya mezani. Tuna seva za pamoja, mashine zenye nguvu zilizojaa chumba kizima, na kila mtu hutuma kazi yake ikapanga foleni. Ni kama banda la akina Hobday la kukatia kondoo manyoya: shamba moja likishaingiza kundi lake, wengine husubiri nje. Na mwiko wetu mkubwa ni kumzimia mwenzako kazi yake. Ila siku ya hatari ya moto, ramani ya zimamoto, ile inayowaonyesha watu moto unakoelekea, hutangulia na kazi nyingine zote huipisha. Seva zimepangwa zifanye hivyo zenyewe, na anayeshika zamu ya ramani hupewa uwezo wa kuzima kazi ya yeyote ikibidi.

Zamu ya kiangazi hiki alipewa Dilhani Weerakoon, mwanafunzi wa uzamivu kutoka Sri Lanka. Unamjua. Ndiye yule binti mwembamba aliyeletwa na maofisa wa chuo kwenye mkutano pale ukumbini, baada ya mazishi. Chuo kilikuwa kimeshatangaza kwamba ramani ilichelewa kwa sababu mwanafunzi mmoja alivunja kanuni na kuvuruga seva. Uliinuka mbele ya watu ukamwambia, "Mume wangu alipita njia ya mlimani kwa sababu yako. Wewe unalalaje?" Akajibu tu, "Silali, mama." Watu wakamzomea mpaka garini. Mimi nilikuwa nimekushika bega, na kila neno lako niliona ni la haki. Siku ya moto nilikuwa Darwin nikifundisha. Nilichojua ni kile ulichojua wewe.

Juzi niliingia ofisini kwa Pascoe kumwomba atafute mshika zamu mwingine, kwa kuwa akaunti ya Dilhani ya kuingilia kwenye seva ilikuwa bado imefungwa. Nikaongeza kwa kejeli kwamba safari hii tupate mtu anayeheshimu foleni. Nilitegemea acheke. Aliniambia nifunge mlango.

Alisema siku zile alikuwa na hesabu zake za mkutano wa wanasayansi, na alikuwa amezijaza seva zote. Ili zisikatizwe, aliuondoa ule mpango wa kuipisha ramani, akikusudia kuurudisha kabla ya joto kuanza. Akasahau. Siku ya moto, Dilhani alituma kazi ya ramani ikakwama nyuma ya kazi ya Pascoe. Akampigia. Pascoe alikuwa mezani na wageni, akamjibu, "Binti, foleni ni foleni. Upepo hautageuka kabla ya jioni." Alipompigia tena hakupokea. Ndipo Dilhani akaizima kazi ya profesa kwa mkono wake mwenyewe, na ramani ikaanza kwenda.

Sasa keti, dada, kama umesimama.

Pascoe aliona kwenye simu yake kwamba kazi yake imezimwa. Akapandwa na hasira, akaamuru akaunti ya Dilhani ifungwe papo hapo. Kwetu, akaunti ikifungwa, kila kazi iliyo chini yake hufa nayo. Ramani ilikuwa karibu kukamilika. Ikafa. Mwenzetu mwingine alipofanikiwa kuianzisha upya, upepo ulikuwa umeshageuka na moto umeshavuka njia ya mlimani.

Nilimuuliza Pascoe kama alijua kwamba ramani ilikuwa inakwenda. Akasema alijua. Akaniambia, kama mtu anayenipa ushauri wa kazi, "Haya yakitoka nje na kikundi kikafa, Fergus, mwakani nani atawachorea ramani? Yule bado mdogo. Ataanza upya kwingine."

Nilitoka pale nikaenda Footscray, alikopanga Dilhani. Nilimkuta anapika dengu. Hakunikaribisha kiti. Nilipomuuliza kwa nini amenyamaza, alisema kibali chake cha kuishi nchini kinategemea saini ya Pascoe, na alikuwa ameambiwa hivyo waziwazi. Kisha akasema, "Na wewe, kaka Fergus, ulikuwepo ukumbini. Ofisi zetu zimetenganishwa na ukuta tu. Mbona hukuja kuniuliza?" Usidhani alisema kwa upole. Alisema akiwa amekamata mwiko wa kupikia, kisha akanigeuzia mgongo akaendelea kukoroga dengu.

Utataka kujua kama Clem angepona. Nimejiuliza mpaka nimechoka. Ramani ingemwonyesha njia ya mlimani imo motoni, lakini wewe unamjua kuliko mimi. Huenda angesema karatasi za mjini hazijui mlima wake, akawasha gari. Siwezi kukuapia. Ninachoweza kukuapia ni kwamba palikuwa na mtu mmoja siku ile aliyehangaika ili ramani imfikie Clem, na ndiye tuliyemzomea.

Jumanne nitasimama mbele ya hakimu anayechunguza vifo vya Wirrabeen na kuyasema haya yote. Pascoe ameshaniambia atakana. Chuo hakitanibakiza, na sikutaka uyasikie kwanza kutoka kwa waandishi wa habari mlangoni. Dilhani naye ameamua kuja kusema. Hana ndugu huku. Atakuwa kwenye benchi la mbele, peke yake. Hobday yuko tayari kukuleta. Utakaa wapi ukifika, hilo sikuamulii.

Mpe mama mkwe wako mkono wangu. Mwambie Hobday namshukuru kwa kukuchotea maji. Kula, hata kama chakula hakina ladha.

Ndugu yako akupendaye,
Fergus