Faili la Ziada kwenye Barua za Eliza

Jumatatu, 3 Machi 2003
Lipu tena, chumba cha juu. Chokaa imeniunguza vidole. Saa kumi nimekwenda kwa Bi Zuwena, mwenye duka la kompyuta mtaa wa Malindi, hapa kisiwani, kusoma barua pepe ya dada yangu Eliza kutoka Sumbawanga. Miguu ya mama imevimba zaidi. Anauliza nitarudi lini. Chini ya barua kuna faili, jina lake tarakimu tupu. Eliza hakulitaja. Bi Zuwena kalifuta kabla sijaligusa. Mwezi uliopita faili la namna hiyo lilimuulia kompyuta mbili.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeomba ruhusa nikamwone mama. Msimamizi kasema anayepanda boti asirudi. Nyumba hii inageuzwa hoteli, wageni wanasubiriwa. Miezi minane nimo humu. Kuta nene kama mkono mzima. Husikii hata adhana.

Jumamosi, 8 Machi
Barua nyingine, faili jingine. Limefutwa. Bi Zuwena kanifungulia anuani mpya, labda ile ya zamani imeingiwa na virusi.
"Wewe mtu wa bara, huko kwenu wanakutumia majini?"
Duka zima limecheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 11 Machi
Anuani mpya, faili lile lile. Tumejaribu kompyuta ya pili. Limo. Basi ugonjwa uko kwa Eliza, kwenye ofisi anakochapa. Bi Zuwena kafuta la tatu. Kasema nikija na la nne, nitafute duka jingine. Nani mwingine atanichapia? Niliishia darasa la nne.
Nimemtumia Eliza maneno makali. Nimemwambia: barua tu. Takataka nyingine sitaki. Mnanifukuzisha.

Ijumaa, 14 Machi
Barua safi. Hakuna faili. Nimefurahi kama mjinga. Kisha nikasoma.
Mama hajui kuandika. Kila Eliza alipoleta barua isomwe kabla ya kutumwa, mama alitaka na yeye atie lake. Alichovya kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi yake mwenyewe. Eliza akaipitisha kwenye skana. Alidhani naona. Sasa kamsomea mama maneno yangu. Mama kajifuta wino kwenye kanga. Hajauliza tena nitarudi lini.
Bi Zuwena alikuwa nyuma yangu, anasoma.
"Nshayafuta yote, mwanangu. Hayarudi."
Akakaa chini.

Jumapili, 16 Machi
Sikwenda kanisani. Nimemfuata msimamizi nyumbani kwake, Kiembe Samaki, kuomba tena. Kasema hapana. Nikiondoka, kazi imekwenda, na dawa za mama zinatoka kwenye kazi hii. Nikikaa, mama anaamini simtaki. Nimerudi kwa miguu mpaka mjini. Nimechoka na kisiwa hiki.

Jumanne, 18 Machi
Bi Zuwena kanitolea pedi ya wino wa mihuri. Nimebonyeza gumba mara tatu. Likatoka doa tupu. Mistari hakuna, chokaa imeila yote. Bi Zuwena kaitazama karatasi. Kaiweka kwenye skana.
Barua hatukuandika. Faili peke yake.