Sanduku Lililopita Bila Kufunguliwa

Mwalimu Kasereka, rafiki yangu,

"Matabishi haiumizake mutu, inamupitishaka tu." Ndivyo alivyosema Tsongo, yule mwenye duka la chumvi, kwenye matanga yako, sahani ya ugali na samaki ikiwa magotini. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka kulia. Mimi nikasimama. Unanijua. Nikamwambia mbele ya mchungaji na mbele ya ndugu zako wote kwamba matabishi ni rushwa, na rushwa inaumiza, tena inaumiza kabla mkono haujafunguka. Kwamba wakubwa wa uasi wanaouza forodha yetu, na karani anayeuza muhuri wake, wote walianza siku moja na neno hilohilo tamu, kumpitisha mtu. Kwamba nchi hii haikuliwa na wanyama wa porini, inaliwa na watu wenye adabu nzuri. Nilisema vizuri. Mama mmoja akanivuta shati: "Papa Kambale, hata ku matanga?" Nikakaa.

Maneno yangu yalikuwa ya kweli, Mwalimu, na hata leo nayasimamia. Lakini asubuhi ya siku ileile nilikuwa nimetoa matabishi kwa mkono wangu mwenyewe. Niliitoa kwa ajili yako. Ili wewe upite.

Sijui nianzie wapi. Wewe ulikuwepo, na hukuwepo.

Unakumbuka barabara ilivyokuwa kabla ya kamati. Kutoka Beni mpaka Butembo kila kona ilikuwa na kamba yake ya kuzuia njia, na kila kamba ilikuwa na wenyewe: askari wa uasi, watu wa forodha, watu wa usafi, watu wa usalama, na wale wanajeshi wa nchi jirani ambao hawakujisumbua hata kutueleza wanalinda nini. Mama aliyetoka soko la Beu, mjini Beni, na kidumu cha mafuta ya mawese alifika Butembo na nusu ya kidumu. Mimi niliandika. Ndiyo kazi niliyoijua, kuandika vikaratasi, kuvichapa kwa stensili, kuvibandika kwenye milango ya maduka na kungoja kukamatwa. Wewe, mwalimu wa darasa la sita uliyekuwa umesahau mshahara unafananaje, ulivaa koti lako la Jumapili ukaenda kuongea na komanda wa uasi. Mpaka leo sijui ulimwambia nini. Ulirudi na ruhusa: bariere moja tu, kamba moja kwa njia nzima, mikononi mwa kamati ya wafanyabiashara na makanisa. Anayepita alipe mara moja, apewe kitansi, stakabadhi yake, na hela hiyo inunue mawe ya kujaza mashimo ya barabara. Askari wakae mbali na kamba. Siku ile tulicheka kama wendawazimu. Ukaniambia, "Sasa utaandika juu ya nini?"

Kisha yakaja masanduku ya maiti.

Kwetu mtu akifa mbali anarudishwa alale kwenye shamba la baba yake, na njiani hasimamishwi. Hata askari mlevi anavua kofia na kuangusha kamba. Wafanyabiashara waliliona hilo kabla yetu. Siku ile sanduku moja lilipoteleza kutoka kwenye lori likapasuka, na ndani tukakuta katoni za sigara zimepangwa kwa urefu wa mtu aliyelala, huku mama waliokuwa wakililia wakitawanyika migombani, nilikasirika. Nikaandika kwa herufi kubwa: MFU WA KWELI HANA CHA KUFICHA. KILA SANDUKU LIFUNGULIWE. Uliisoma karatasi mara mbili. Ukasema, "Haya. Lakini ni mimi nitafungua, hapana wewe." Nilidhani unanitania.

Sikuwepo siku mlipofungua la yule bibi. Alikuwa amefia Beni na watoto wake walikuwa wanamrudisha Kasugho, kwa lori mpaka Butembo kisha kwa mabega. Ulinisimulia wewe mwenyewe, umekaa jikoni kwangu, chai yako ikipoa. Amevaa sare ya kwaya ya kina mama. Taya limefungwa kwa kitambaa cheupe. Binti yake hakupiga kelele, alisema tu, "Mumemuona. Sasa mumufunike muzuri, vile mulimukuta." Ukapiga magoti kwenye matope, ukamfunika, ukapigilia misumari, na nyundo ikakosa mara nyingi.

Nilikwambia tubadilishe kanuni. Mimi, niliyeiandika! Nikasema wazee waachwe, wanawake waachwe, tuangalie sura za wafiwa. Ulikataa. "Tukifungulia mutu moja ule mulango, Tsongo na benzake bote batapita mule." Halafu ukasema jambo ambalo hakuna mwingine aliyelisikia. "Siku yangu nayo, mufungue. Usisikie haya juu yangu."

Hatukufungua, Mwalimu.

Homa ilikuchukua haraka. Nilipofika Beu kutoka Butembo sanduku lilikuwa limekwisha pigiliwa misumari na wanawake walikuwa wanaimba. Tsongo alitoa lori lake bure likurudishe kwenye shamba la baba yako, na sote tulimshukuru, mimi nikiwa wa kwanza, kwa sababu hakukuwa na lori lingine na jua lilikuwa kali. Masika, mke wako, alikaa mbele na mtoto wenu mdogo. Mimi nilikaa nyuma, mkono wangu juu ya mbao zako.

Kwenye kamba alikuwa Muhindo. Unamjua kuliko mimi: ulimfundisha shuleni, na alipokuwa baba wa watoto wanne ulimwingiza kwenye kamati kwa sababu, ulisema, hawezi kudanganya hata kwenye karata. Alivua kofia. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. Na nyundo ilikuwa mkononi mwake. "Papa Kambale, munisamehe," aliniambia. "Ni sheria ya Mwalimu. Ni karatasi yako ile." Ilikuwa kwenye nguzo nyuma yake, mvua imeichakaza, lakini herufi zangu bado zilisomeka.

Masika alishuka. "Shemeji, ameisha kuvimba. Batoto bake biko hapa. Hapana." Alisema hivyo tu, akaniangalia.

Nilijua ulichotaka. Mimi peke yangu ndiye niliyejua. Nilipaswa kusema, Mwalimu mwenyewe aliagiza, na sikusema. Mimi, ambaye sauti haijawahi kunikatikia mbele ya komanda! Nilimshika Muhindo kiwiko, nikampeleka upande wa pili wa lori, nikamtia mfukoni mwa shati hela niliyokuwa nimewawekea wachimba kaburi. Aliitoa akanirudishia. Nikaitia tena. Akairudisha tena. Mara ya tatu nikamwambia, "Muhindo, ni Mwalimu. Fanya kama mutu."

Dereva wa Tsongo akapiga honi. Muhindo hakuitoa tena. Alienda mezani, akaandika kitansi kwa mwandiko uleule mzuri uliomfundisha, nacho ninacho hapa: "Sanduku moja. Limekaguliwa." Kisha akaangusha kamba.

Kwa nini nilimpa hela? Hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Ningeweza kumsihi. Ningeweza kuchukua nyundo na kusema naivunja kanuni mimi, mbele ya wote, mniandike. Hapana. Mkono ulikwenda mfukoni wenyewe, kama vile miaka yote nilipokuwa nikiandika, mkono ulikuwa unasubiri zamu yake. Nimesoma vitabu vingi, unajua, ulikuwa unanicheka kwa ajili ya vitabu hivyo. Kila kimoja kina jibu kwa waziri anayeiba. Sijaona hata kimoja kinachosema lolote juu ya mtu anayemhonga mtu mwaminifu kwa sababu ya upendo.

Na ulikuwa upendo kweli? Au niliogopa tu kukuona?

Nikueleze mambo yalivyo sasa. Muhindo anapokea. Alianza na watu wa arusi waliokuwa wanachelewa. Kisha mama mwenye mtoto mgonjwa, na mama huyo alimbariki. Kisha malori. Nilipokutana naye sokoni nikamkaripia kama nilivyozoea kukaripia watu, hakukasirika. Alisema polepole, kama mwanafunzi anayejibu swali, "Papa, uliniambia nifanye kama mutu. Njo vile nafanya. Batu bote ni batu." Na nani alimpa neno hilo? Mimi.

Kwa hiyo kama Tsongo anauliza ni nani aliyeumizwa, ninaye. Nina jina lake na majina ya watoto wake. Lakini siwezi kumjibu Tsongo hivyo bila kujitaja, na yeye analijua hilo. Akinipita barabarani ananisalimia kwa heshima kubwa kupita kiasi. Lori lake, Mwalimu. Chini ya sanduku lako kulikuwa na turubai, na chini ya turubai sikuangalia. Nani angeangalia? Muhindo alipoangusha kamba kwa ajili yako, aliiangusha kwa ajili ya lori zima. Wiki ile sigara zilijaa Butembo. Labda zilipita kwingine. Vijana wa stendi wanasema zilikuwa ndani na wewe, na wengine wanasema ndiyo maana rafiki yake alikataa lifunguliwe. Nikiwaambia ni uongo wananiuliza, "Uliona?" Sikuona. Kuna saa nafikiri lilikuwa zito mno tulipolishusha. Halafu najilaumu kwa kufikiri hivyo juu ya mwili wako, kisha nafikiri tena.

Kama ningekufungua, leo ungekuwa msafi. Ungekuwa msafi na Masika asingeongea nami mpaka kufa, na binti yako mkubwa angelala na sura ile machoni. Je, usafi huo ungekuwa wa kwako au wa karatasi yangu? Sijui. Naandika sijui, neno ambalo sijaliandika kwenye kikaratasi chochote maisha yangu yote.

Askari wamesogea. Zamani walikaa kule kwenye mikaratusi, sasa wanaegemea meza. Komanda anasema kamati nayo ni wezi, basi yeye na sisi tuko sawa, na anataka tumkabidhi Muhindo. Unajua maana yake: shimo lile nyuma ya kambi, lililofunikwa magogo, ambamo watu wanatolewa hawawezi kunyooka. Kamati inakaa Alhamisi shuleni, katika darasa lako. Mchungaji alikuja nyumbani kuniomba niandike karatasi ya kumshtaki. "Andika kali," aliniambia, "vile unajuaka." Wanataka watu waione kwenye milango kabla ya kikao, waseme kamati imejisafisha.

Muhindo hajanitaja. Wamemuuliza mara ngapi nani aliyemzoesha, naye anatazama chini. Sijui kama ananilinda mimi au anakulinda wewe.

Nimekaa na kalamu siku mbili. Sentensi zilikuja, na zilikuwa nzuri, na kila moja ilinigeukia mimi. Ndipo nikachukua karatasi nyingine nikaandika jina lako juu yake.

Kapumzike, Mwalimu. Sikuombi msamaha, kwa sababu sijui niuombe kwa lipi, kwa kutokufungua au kwa kuandika kwamba wafu wafunguliwe. Nakuahidi moja ninaloliweza: Masika atasikia kutoka kwangu ulichoniambia siku ile, na atasikia kabla ya Alhamisi, hata akinifukuza uani. Lala mahali pema, ndugu yangu. Siwezi kusema zaidi bila kulia, na kilio changu umekuwa ukikiona ni cha kelele nyingi.

Na ninyi wazee wa kamati, mchungaji na ninyi wenye maduka, nimewachapia nakala. Karatasi kali mliyoniagiza ndiyo hii. Ibandikeni kwenye milango yote mliyonionyesha, bila kukata mstari. Alhamisi niiteni mimi wa kwanza, na Tsongo wa pili, aseme mbele ya watu turubai lake lilifunika nini. Kuhusu masanduku, waulizeni wanawake wanaoosha maiti jinsi ya kuyakagua huko nyumbani kabla ya misumari, maana hatukuwauliza kamwe. Muhindo mwiteni wa mwisho, mumwondoe kwenye kamba kama mnaona inafaa, lakini kwa komanda msimpeleke. Akija askari kumchukua, mwonyesheni kitansi nilichoambatanisha hapa, chenye neno "limekaguliwa", na mwelekezeni nyumbani kwangu. Mlango uko wazi.