Nywele za mkia wa Maua

Yaya Masika, dada yangu mukubwa,

Bunia imenipokea kwa mvua na matope, lakini niko muzima na ninakula vizuri.

Unajua kazi yetu: tunang'oa nywele za mkia wa ng'ombe, na kwenye mizizi yake laboratwari inasoma ni ukoo gani unatoa maziwa mingi na kuvumilia ugonjwa wa kupe. Jana Mama Furaha, mwenye ng'ombe mmoja tu aitwaye Maua, alinikatalia mulangoni mwa zizi.

"Wanaweza kumuloga kwa nywele," akasema. "Na Maua ndiye analisha watoto yangu. Kama ni kitu kizuri, weye utoe yako kwanza."

Nikakata ncha ya musuko wangu, nikamupa. Akaigeuza, akacheka.

"Hii ni meshi, nywele za bandia za sokoni. Haina mizizi."

Basi akaning'oa nywele mwenyewe, nyuma ya sikio, mpaka machozi yakanitoka. Nilipong'oa za Maua, yeye aliendelea kutafuna majani tu.

Mama Furaha alifunga nywele zangu kwenye pindo la kitenge chake. "Watu wa utafiti wanachukuaka, kisha wanapotea," akasema. "Siku utaniletea jibu la Maua, nitakurudishia zako." Kisha akanipa kikombe cha maziwa ya moto, na hakutaka niondoke kabla sijamaliza cha pili.

Unibusie watoto. Na ukiona ninachelewa kurudi Butembo, usiwaze kama nimepata bwana huku. Ninangoja jibu la ng'ombe.

Mudogo wako anayekupenda,
Kahindo