Nne Iliyokuja na Mashine

3 Machi

Mama mpenzi,

Mlio wa ule muhuri haujanitoka masikioni: pa, na neno HAFAI likakaa juu ya jina lako. Nimeanza vibaya. Shikamoo, na miguu inaendeleaje baada ya safari? Kaka anakusalimia. Bado anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na anasema wauguzi wanampenda kuliko mimi dada yake.

Mama, sikubali kwamba huwezi kumpa figo. Chembe zako nyeupe za damu ni 3.1, fomu inataka kuanzia 4. Nimeuliza hapa maabara ninakofanya kazi hiyo nne ilitoka wapi. Hakuna anayejua. Ilikuja na mashine ya kupimia. Kesho naanza kupima watu wenye afya wa hapa hapa.

Mwanao

19 Machi

Bi Darubini, mwanangu,

Marahaba. Miguu mizima, cherehani ndiyo inayolalamika. Nakula maini asubuhi na jioni niziongeze hizo chembe. Baba yako anasema karibu nitaota pembe. Jana nilipimwa tena zahanati: 3.2. Usigombane na wakubwa wako kwa ajili yangu. Labda kweli naumwa, sijijui tu.

Mama yako

27 Mei

Mama,

Shikamoo. Acha maini, baba apumzike.

Nimepima wachangia damu 240, wote wazima. Nilipochora matokeo yao, walirundikana katikati, kwenye 5, kisha wakapungua taratibu pande zote mbili, kama kichuguu. Tisini na tano katika kila mia wako kati ya 2.8 na 7.2. Wewe umo ndani. Na hata ungekuwa nje, mpaka wenyewe huchorwa hivyo: katika kila wazima ishirini, mmoja huangukia nje bila ugonjwa wowote. Nimepitia pia vipimo vyako vya zahanati vya miaka sita, na havijatikisika.

Daktari aliutazama mchoro, akasema, "Na mimi ndiye niliyepiga muhuri." Akaandika ANAFAA kwa mkono wake. Upasuaji ni tarehe tisa Juni. Kaka anauliza kama figo yako itamlazimisha kuamka alfajiri.

Halafu nikatafuta majalada ya wengine waliokataliwa kwa nne ile ile. Ni kumi na wanne. Mkuu wa maabara alitaka tungoje kikao cha mwezi wa saba. Daktari ametia sahihi barua za kuwaita tena, na zote nimezipeleka posta leo asubuhi.

Binti yako