Sahani Sita kwa Moja

Makorora, Jumatano, 1957

Na bado alikuwa anatabasamu! Shemeji yangu Bakari amezipeleka dukani sahani sita za santuri za marehemu Salimu, mume wangu, akazibadilisha kwa moja mpya.

"Zile kila upande dakika tatu, shemeji. Hii moja inabeba zote sita. Hujapunjwa hata dakika!"

Kama anayepima mchele kwa pishi. Moja ya zile sita ilikuwa na sauti ya Salimu mwenyewe, akiimba. Nilikuwa nangoja eda iishe ndipo niisikilize. Na kwa kuwa nimo edani, siwezi kutoka kuifuata.

Mwenye duka huzivunja za zamani zikayeyushwe.

Sijawahi kumfokea ndugu wa mume wangu. Leo nimemfokea: "Nenda sasa hivi, na usirudi mikono mitupu!"

Hajarudi. Naiogopa hodi yake.