Chambo cha Mpira Mfukoni Mwako

Mpenzi Baba Salma,

Nakuandikia mezani jikoni, hapa hapa Hodge Hill, mtaani kwetu huku ughaibuni, kwenye kiti ulichokuwa ukikalia wewe. Kuna jambo moja kati yetu ambalo halijanitoka rohoni.

Unakumbuka minyoo yako? Kila Ijumaa uliiweka kwenye kopo la aiskrimu ndani ya friji yangu, karibu na maziwa ya mtoto, nami nilikupigia kelele mpaka Salma akaziba masikio. Jumamosi asubuhi ulishuka nayo kwenye mfereji wa maboti kule Nechells, ukarudi jioni na matope kwenye magoti na yule samaki mwenye macho ya kioo. Wazungu wanamwita zanda. Sikulipenda jina lile, maana masikio yangu yalisikia sanda. Lakini nyama yake ilikuwa nyeupe na tamu, nami nilimpika kwa nazi kama tulivyozoea Tanga.

Kisha masika yale minyoo ikatoweka. Jumamosi ulitoka mikono mitupu, ukarudi mikono misafi. Nilikunusa shingoni ulipolala. Hukunuka matope, hukunuka kitu. Siku moja nikafua koti lako la kazini, na mfukoni nikakuta kipakiti cha vitu laini kama vidole vya mtoto, vya rangi ya waridi, vinametameta, vina vimkia, na vinanukia peremende.

"Hivi ni nini?"

"Chambo," ukasema, bila kunitazama.

"Chambo cha mpira? Samaki gani huyo anayekula mpira?"

"Hali. Anadanganyika tu. Ukivuta mshipi polepole, mkia unacheza, anadhani ni kisamaki hai."

Neno hilo, anadanganyika, lilinikaa kifuani. Na kama kweli ni chambo, kwa nini kilikuwa kwenye koti la kazini? Tangu lini watu wanavua samaki ndani ya ghala unalofanyia kazi?

Nilimweleza Mama Neema, jirani yetu kutoka Bukavu. Alitikisa kichwa. "Bwana yangu naye alianzaga vile vile. Mikono safi, poches za koti zimejaa vitu. Umufuate, dada. Ujionee na macho yako, hein?"

Nikakufuata. Ilikuwa Jumanne. Ulivaa ovaroli, ukachukua mkoba wa chakula, ukambusu Salma. Nilipanda basi lililofuata lako. Njia nzima nilikuwa nikimchora huyo mwanamke: nywele zake, viatu vyake, namna atakavyocheka akiniona. Niliposhuka nilikuona kwa mbali. Ulilipita geti la ghala bila hata kuligeukia, ukateremka ngazi za mfereji. Nikajificha nyuma ya nguzo ya daraja.

Ulifungua mkoba. Ukatoa fimbo ndogo ya kuvulia, ile ya kukunjuka, ukafunga kile kimpira cha waridi kwenye ndoano. Ukatupa, ukavuta, ukatupa tena. Nilimsubiri mwanamke. Miguu ilikufa ganzi, nikamsubiri. Hakuja mtu. Ulikula ule wali niliokufungia, peke yako, umeupa ukuta mgongo.

Nikatoka. "Yuko wapi?"

Ulishtuka mpaka fimbo ikakuponyoka. "Nani?"

"Huyo mwanamke wako!"

Ulicheka, Baba Salma. Halafu kicheko kikakatika katikati.

"Ghala limefungwa," ukasema. "Hii ni wiki ya tisa. Hiyo minyoo ungeiona asubuhi, ungeniuliza naenda wapi nayo siku ya kazi. Hivi vinakaa mfukoni."

"Wiki tisa nakudhania uchafu, na wewe unaniacha tu?"

"Mwanamke ningemkana, kwa kuwa hayupo. Hili ningelikanaje?"

Nilikaa chini kwenye saruji yenye baridi. Nilikuwa nimejiandaa kugombana na mwanamke. Kwa mume anayeona haya mbele yangu sikuwa nimejiandaa. Tulirudi nyumbani kwa basi moja, ukanishika mkono mpaka kituo chetu.

Ulipata kazi nyingine, tukasahau, au wewe ulisahau. Mimi sikukuamini tena sawasawa. Ulipoanza kukohoa ukasema ni vumbi, nilikukatalia. Nilikuburuta kwa daktari, ukinung'unika kwamba nina roho ya kipolisi. Daktari alisema tumewahi. Shaka yangu ndiyo iliyotupa miaka miwili ile ya ziada, na siijutii hata siku moja yake.

Lakini ugonjwa ulirudi, na asubuhi ile ya mwisho wodini uliketi kitandani, ukaomba chai. Ukasema, "Leo nimeamka vizuri. Nenda kapumzike, umpikie Salma." Nilikutazama usoni, nikatafuta uongo, sikuuona. Nikaenda. Kabla vitunguu havijaiva, simu ya hospitali ikalia.

Siku zote hizo nilikuchunguza, na siku niliyokuamini ndiyo uliyoondoka. Najiuliza mpaka leo: kweli uliamka vizuri, au ulinitoa chumbani ili nisione? Nimeligeuza kila upande. Nakushuku, Baba Salma. Nakushuku sana. Na kama ulinidanganya, huo ndio uongo wako pekee ambao sitakufuata kuuhakikisha.

Lala salama, mume wangu.

Mkeo,
Mama Salma